Zitto alikuwa mbunge wa jimbo gani?

Umeuliza kama Zitto Kabwe, mwanasiasa wa upinzani Tanzania, alikuwa mbunge wa Kigoma Mjini tangu mwanzo. Hapana. Aliingia bungeni 2005 kwa tiketi ya chama cha Chadema, jimbo la Kigoma Kaskazini, akakaa huko hadi 2015. Kigoma Mjini ni 2015 mpaka 2020, akiwa tayari chama cha ACT-Wazalendo.

Kilichompa jina ni mgodi wa dhahabu wa Buzwagi. Mwaka 2007 alihoji kwa nini waziri aende London kusaini mkataba wa mgodi wetu, Bunge likamsimamisha. Cha kuchekesha, miezi michache baadaye Rais Kikwete akamteua kwenye kamati ya Jaji Bomani ya kupitia sekta ya madini! Tangu hapo wimbo wake ni uleule: mikataba iwekwe wazi.

Na sakata la Escrow, la fedha zilizochotwa kwenye akaunti ya Tegeta Escrow, je? Novemba 2014 ndiye aliyewasilisha ripoti ya PAC (Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali) bungeni, kama mwenyekiti wake. Mimi siasa zake za vyama hazinikoshi sana, ila kwenye kusoma hesabu alikuwa moto. Kwenye uchaguzi wa 2020 alitangazwa kushindwa, na uongozi wa chama aliukabidhi kwa Dorothy Semu 2024.