Maswali na majibu: Sauti sikioni mwa aliyemo ukumbini

Toleo lililopita niligusia jambo ambalo wengi halikuwaingia akilini: kwenye baadhi ya mashindano ya kuteleza kwa mitindo kwenye barafu huko Marekani, mtazamaji aliyekaa ukumbini huweka kiredio sikioni na kumsikiliza mchambuzi akizungumzia kinachofanyika pale pale mbele yake. Haya ni maswali yaliyokuja.

*Shikamoo mzee. Mtu kalipa kiingilio, anaona kila kitu kwa macho yake. Anatangaziwa nini tena? (Msomaji, Mafinga)*

Marahaba. Macho yanaona mtu anaruka, anazunguka, anatua. Hayaoni kwa nini huyu kapata pointi nyingi kuliko yule. Chukua mruko wa Lutz na ule wa flipu. Yote miwili mtelezaji huijia akienda kinyumenyume, kisha anachoma barafu kwa meno ya mbele ya kiatu cha mguu wa pili. Tofauti iko kwenye ukingo wa kile chuma cha chini ya kiatu anaouegemea: Lutz ni ukingo wa nje, flipu ni wa ndani. Akikusudia Lutz halafu mguu ukalalia ndani dakika ya mwisho, pointi zinakatwa. Ukiwa viti vya juu hulioni hilo mpaka uwe mzoefu sana. Mchambuzi analiona, analisema kwa maneno matatu, ananyamaza.

Au Axel, mruko pekee ambao mtelezaji huuanza akiwa ameelekea mbele, kwa hiyo una nusu mzunguko wa ziada. Ilia Malinin wa Marekani alipotua Axel ya mizunguko minne na nusu mwezi Septemba 2022, alikuwa wa kwanza duniani kufanya hivyo kwenye mashindano. Asiyejua kuhesabu mizunguko angeona mruko mrefu tu, basi. Inaniuma mtu kushuhudia historia bila kujua kwamba ameishuhudia.

Na zamani hesabu ilikuwa nyepesi: majaji walitoa alama zisizozidi 6.0, kila mtu akaelewa. Baada ya kashfa ya uamuzi kwenye Olimpiki ya Salt Lake City mwaka 2002 mfumo ukabadilishwa, na huu wa sasa unahitaji mtu wa kukushika mkono.

*Mbona wachambuzi hao wa barafu hawachangamki kama ninyi watangazaji wa mpira? (Msomaji, Tukuyu)*

Kwa sababu kuna muziki, na namna mtelezaji anavyouishi muziki huo inahukumiwa. Onyesho fupi ni kama dakika 2 na sekunde 40, refu ni kama dakika 4. Ukimfunika mtu masikio kwa kelele zako muda wote huo, umemnyang'anya nusu ya mchezo. Taja mruko anapotua, kisha mwache asikilize.

Nafasi ya kuongea ipo. Kuna dakika 6 za kupasha misuli kabla ya kila kundi la watelezaji. Kuna pia ule muda ambao mtelezaji amekaa na kocha wake akisubiri matokeo huku jopo la ufundi likirudia picha. Hapo ndipo mchambuzi mzuri anapojibu swali la ukumbi mzima: kaanguka, mbona anaongoza? Anaeleza kwamba kila mruko una thamani yake, majaji wanaongeza au kupunguza kuanzia -5 hadi +5, na kuanguka kunakatwa pointi, lakini mruko uliotimiza mizunguko unabaki na sehemu ya thamani yake hata kama aliyeruka yuko chini.

*Kwa nini redio, wasitumie simu? (Msomaji, Uyole)*

Waulize wanaosikilizia mechi kwenye simu wakiwa uwanja wa Sokoine, Mbeya: goli linaingia, watu wanashangilia, wanakaa, ndipo mtangazaji anapiga kelele sikioni mwao. Sauti ya intaneti inazunguka mbali kabla ya kukufikia. Mruko wa barafu haumalizi hata sekunde moja hewani. Kisambaza mawimbi kidogo cha FM kilichomo ukumbini hakina uchelewaji huo. Kwetu hapa usikiwashe bila kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania.

*Makete mwezi wa sita umande unagandia kwenye majani ya viazi. Tushindwe kuwa na uwanja wa barafu? (Msomaji, Makete)*

Ile inayeyuka jua likitoka. Uwanja wa barafu wa kiwango cha kimataifa una kama mita 60 kwa 30, na chini ya barafu kuna mabomba ya kupoza yanayofanya kazi usiku na mchana. Umeme wake si mchezo.

*Mjomba wangu haoni, ila lazima nimpeleke uwanjani Sokoine. Nimtangazie vipi? (Msomaji, Mbalizi)*

Swali hili ndilo nililolipenda kuliko yote. Kombe la Dunia la Qatar mwaka 2022 mashabiki wasioona walikuwa na watangazaji wao uwanjani, kwa Kiarabu na Kiingereza. Kazi yao ni kinyume cha ile ya barafu: pale unaacha yanayoonekana, hapa hayo ndiyo unayoyasema.

Fikeni mapema, mwambie mmekaa upande gani na timu yake inashambulia kushoto au kulia kwake. Kila mara taja mpira uko wapi, uko kwa nani, umebaki umbali gani na goli. Uwanja ukilipuka, usimwambie "aisee!", kelele kazisikia, mpe sababu. Mpira ukitoka nje, ndipo umweleze kocha anavyohangaika au nani anapasha misuli. Mapumziko, muulize nini kilimpotea.

Vijana wa Mbeya na Iringa mnaotaka kuijua kazi hii, niandikieni. Nitakaa nanyi jukwaani mechi nzima, bila malipo, na mjomba huyo awe msikilizaji wetu wa kwanza kama ataridhia.