Maswali na Majibu: Sportsmaster, mcheza rafu wa DC

Wiki mbili zilizopita nilimtaja Sportsmaster, jambazi wa vitabu vya katuni vya kampuni ya DC, kwa mstari mmoja tu, na maswali yakamiminika. Nimechagua yanayostahili jibu, pamoja na machache ninayoyajibu ili yasirudi tena.

Huyu ni adui wa nani hasa? Mdogo wangu anang'ang'ania kuwa ni wa Batman.

Ni adui wa Green Lantern, shujaa mwenye pete ya ajabu inayotoa mwanga wa kijani, na ninamaanisha Green Lantern wa kwanza, Alan Scott, si Hal Jordan. Crock alianza kuonekana katika kitabu cha All-American Comics namba 85 ya mwaka 1947 kwa jina lake la kawaida, Crusher Crock. Jina la Sportsmaster alilipata mwaka huohuo ndani ya Green Lantern namba 28. Waliomuumba ni mwandishi John Broome na mchoraji Irwin Hasen.

Kuna jambo ambalo wengi hulipita bila kuliona. Pete ya Alan Scott haina nguvu juu ya mbao. Risasi inaizuia na chuma inakikunja, lakini ubao unapenya. Sasa mpe mtu wa aina ya Crock gongo la besiboli la mbao, umsimamishe mbele ya Alan Scott. Anayemcheka adui huyu kwa sababu anabeba vifaa vya michezo hajafikiria gongo lile linavyopita katikati ya mwanga wa kijani na kutua kichwani.

Sportsmaster si ndiye Taskmaster wa Marvel, wamebadilisha jina tu?

Hapana. Hili nimelijibu mara tatu mwaka huu. Taskmaster alizaliwa mwaka 1980, kampuni tofauti, miaka 33 baada ya Crock. Someni jalada kabla ya kuuliza.

Nadhani mkanganyiko unatokana na Victor Gover, aliyelichukua jina la Sportsmaster baadaye. Gover akiona mchezaji anafanya jambo, mwili wake unaliiga papo hapo, na uwezo huo kweli unafanana na wa Taskmaster. Lakini Gover si Crock. Crock hana kipaji cha ajabu: ana mwili wa mazoezi, mabomu aliyoyaficha ndani ya mipira, na chuki.

Nani angeshinda kati yake na Batman?

Maswali ya nani angempiga nani siyajibu.

Kwa nini mtu mwenye kipaji cha michezo aamue kuwa jambazi? Naona sababu yake haina uzito.

Ina uzito kuliko sababu za nusu ya maadui wa DC. Crock alikuwa mwanamichezo wa kweli. Alifungiwa kwa sababu ya rafu na udanganyifu, na hakukubali kwamba kosa ni lake. Basi. Hakumwagikiwa na kemikali, hakutoka sayari nyingine. Aliambiwa toka nje, akatoka na hasira, akaamua kuwa dunia nzima ni uwanja usio na refa.

Kila aliyecheza ndondo anamfahamu mtu wa namna hii. Ukimtangulia kwenye mpira, haufuati tena mpira, anafuata kifundo chako cha mguu. Halafu akionyeshwa kadi anainua mikono na kuuliza amefanya nini. Waandishi wa 1947 walimwona mtu huyo wakamvalisha barakoa. Ndiyo maana huwa naudhika akipangwa kwenye orodha za maadui wa kuchekesha. Na ndiyo maana naudhika zaidi nikiona mashabiki wanaoshangilia beki wao akimvunja mtu mguu, eti "kazi nzuri". Mnayemshangilia ni Crock.

Artemis na Cheshire ni binti zake kweli?

Inategemea unasoma au unatazama, na tafadhali mkiuliza semeni mmetoka wapi.

Kwenye vitabu, Artemis Crock ni binti yake. Aliingia katika kitabu cha Infinity, Inc. namba 34 mwaka 1987, na ni jambazi kama wazazi wake. Cheshire wa vitabuni hana undugu nao. Iliyowafanya dada ni Young Justice, katuni ya televisheni iliyoanza 2010, na kwa maoni yangu ndiyo iliyompa Crock uzito kuliko zote. Humo Artemis anataka kuwa upande wa mashujaa, hivyo anaficha baba yake ni nani na kujitambulisha kama mpwa wa Green Arrow, shujaa mpiga mishale.

Tazameni kipande kinachorudi nyuma utotoni katika sehemu ya katuni hiyo iitwayo "Homefront". Mama yuko gerezani. Jade, dada mkubwa, ndiye Cheshire, anafunga mzigo usiku. Artemis bado mtoto, yuko kitandani, anamsihi abaki. Jade anaondoka. Baba haonekani akirusha mpira wowote, lakini unamwona kwa mabinti wale wawili.

Wazazi, nawaomba: kuwa katuni hakumaanishi ni ya mtoto wa miaka mitano. Kaeni naye mtazame pamoja.

Kwenye Stargirl, tamthilia ya televisheni ya 2020, mambo yamegeuzwa. Crock, aliyeigizwa na Neal Hopkins, anampenda binti yake hadi kuua kwa ajili yake. Yeye na mkewe wanaendesha jimu katika mji mdogo wa Nebraska. Wengine wanasema kalainishwa. Mimi naona ni mtu yuleyule, safari hii anacheza rafu kwa ajili ya binti yake.

Mke wake ni Huntress. Huntress si mtoto wa Batman?

Hao ni watu tofauti. Mke wa Crock ni Paula Brooks, Huntress wa 1947, ambaye baadaye ameitwa Tigress. Helena Wayne, binti wa Batman na Catwoman, alikuja 1977. Helena Bertinelli ni wa 1989. Ukiandika "Huntress" bila jina la pili, barua yako siijibu.

Nataka kumsoma tangu mwanzo. Nianzie wapi?

Anza na hadithi ya 1947. Kisha The Brave and the Bold namba 62 ya 1965, ambapo yeye na Paula ni mume na mke wanaopambana na mashujaa Starman na Black Canary. Halafu DC Super-Stars namba 10 ya 1976. Hiyo ni ya wanandoa wa dunia nyingine sambamba, maana DC wakati huo ilikuwa na dunia nyingi. Mume na mke wanabishana kama wema hushinda siku zote, wanaamua kuumaliza ubishi kwa mechi ya besiboli, mashujaa dhidi ya majambazi. Waamuzi wako wawili: Uncle Sam, na Amazo, roboti aliye jambazi mwenyewe. Mtazame huyo Amazo vizuri, halafu mtazame Sportsmaster: miaka yote hiyo, hatimaye amepata refa wa upande wake.