Umepewa Kamati ya Vijana? Anza na Kalenda

Kwenye klabu nyingi za kujitolea kwa jamii, kama Rotary na Lions, kamati ya vijana hupewa mtu ambaye hakuhudhuria mkutano wa kugawana kamati. Kama mwaka huu jina lako limependekezwa ukiwa bado kwenye foleni pale Tazara, hongera. Mimi ni mwana-Rotary hapa Dar es Salaam. Kamati hii nimeishika, nikaiachia, nikarudishiwa, na kuna mambo ningependa kila anayeipokea ayajue kabla hajaagiza fulana. Mifano yangu ni ya Rotary kwa kuwa ndiko niliko, ila rafiki zangu wa Lions wanaolea klabu za Leo, yaani klabu zao za vijana, hunisimulia habari zile zile.

Chukua kalenda mbili uziweke pamoja mezani. Ya kwanza ni ya klabu: inaanza Julai mosi, inaisha Juni 30, na siku hiyo rais wa klabu anaondoka na kamati zake zote. Ya pili ni ya shule. Kidato cha kwanza hadi cha nne wanaanza mwaka Januari. Sasa ukizindua klabu ya Interact, ile ya Rotary kwa ajili ya wanafunzi, kwa mbwembwe mwezi Julai, ukachagua viongozi wa kidato cha nne kwa sababu ndio wakubwa na wanajua kuongea, umechagua watu wenye mock mlangoni na mtihani wa taifa Novemba. Oktoba humpati hata mmoja. Januari klabu haina rais, haina katibu, na daftari la mahudhurio liko nyumbani kwa mtu Chanika. Kidato cha pili nao wana upimaji wao wa taifa mwisho wa mwaka. Wanaobaki ni kidato cha tatu, na hao ndio wako. Wachague Januari, wakae mwaka mzima, kila mmoja awe na msaidizi wa kidato cha kwanza au cha pili anayejifunza kazi kwa kukaa naye karibu.

Kidato cha tano na sita ni habari nyingine. Tano wanaripoti Julai, sita wanafanya mtihani Mei, kwa hiyo mwaka wao karibu unalingana na wa Rotary. Kama klabu yenu ina nguvu ya shule moja tu, na rais wako anataka kuona kitu kabla hajaondoka, tafuta shule yenye kidato cha tano. Sisemi huko ndiko kwenye uhitaji mkubwa zaidi. Nasema huko hutapigana na ratiba.

Hata ukipanga vizuri hivyo, bado kuna ule mwaka mmoja wa rais. Mwaka mmoja unatosha kuchimba kisima na kukikabidhi. Mtoto wa miaka kumi na nne unayemchukua Interact leo atakuwa kidato cha tatu wakati klabu yenu iko kwa rais wa tatu, na kila rais ana mradi wa moyoni mwake: huyu miti, yule macho, mwingine madawati. Ndiyo maana kabla sijaikubali kamati hii mara ya pili nilipeleka sharti kwa bodi. Mwenyekiti wa vijana akae miaka mitatu, marais wapite juu yake. Fungu la vijana litengwe kabla rais mpya hajatangaza mradi wake. Kulikuwa na minong'ono, maana wengine waliona najitengenezea ufalme, lakini lilipita. Wewe pia liombe. Wakikataa, chukua kamati kama unaipenda, ila usianzishe jambo jipya, endeleza lililokuwepo.

Kuingia shuleni kuna njia yake. Usimpigie mwalimu mkuu kwa sababu mlisoma wote. Andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, ipitie kwa afisa elimu sekondari, na nakala yenye muhuri uiweke kwenye faili. Itakusaidia siku mkuu wa shule atakapohamishwa, na atahamishwa. Mwalimu mlezi naye atahamishwa, kwa hiyo omba wawili tangu mwanzo. Kuhusu posho ya mlezi, klabu zinatofautiana. Sisi tunarudisha nauli na vocha anazotumia kwa kazi ya klabu, basi. Kilichotusaidia zaidi ni kumwalika kwenye mikutano yetu ya kawaida, akae meza moja na mameneja, atambulishwe kwa jina na somo analofundisha. Mwalimu wa shule ya kata hapewi heshima hiyo mara nyingi, na akiipata hasahau.

Wazazi waeleze mapema kwamba Interact ni ya umri wa miaka 12 hadi 18 na kwamba wanachama wake hawalipi ada kwa Rotary International, chama mama cha klabu zetu. Barua yoyote ya shule inayofika nyumbani husomwa kwanza kutafuta kiasi cha mchango.

Sasa tuje kwenye pesa, na hapa nitakaa kidogo.

Interact ilianza mwaka 1962 kwenye shule ya sekondari Melbourne, Florida, na tangu zamani kila klabu inatakiwa kufanya angalau miradi miwili kwa mwaka: mmoja wa kuisaidia shule au jamii yake, mwingine wa kuelewana na watu wa mataifa mengine. Ninachokiona kwenye shule nyingi ni kwamba mradi huo wa kwanza hubuniwa na watu wazima. Wanachama wanakuja Jumamosi na miche, bango limeshachapishwa, watoto wanasimama nyuma ya bango, picha inapigwa. Miche inabaki na mlinzi.

Jaribuni hivi. Tengeni kiasi kidogo, laki mbili zinatosha, muwakabidhi wanafunzi kwa maandishi wakiwa na mlezi wao, halafu mnyamaze. Masharti yawe mawili: uamuzi upite kwenye mkutano wenye muhtasari, na kila shilingi iwe na risiti. Shule moja tuliyoilea upande wa Temeke, sisi wakubwa tulikuwa na hamu ya bustani mbele ya ofisi. Wao wakaamua makomeo. Milango ya vyoo vya wasichana ilikuwa haifungi kwa ndani, kwa hiyo msichana akienda chooni alihitaji mwenzake wa kushika mlango, na wakati mwingine wote wawili walikosa kipindi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua hilo, na tulikuwa tunaingia shuleni pale kila mwezi. Wakaenda maduka ya vifaa vya ujenzi Tandika, wakapata bei tatu, wakapatana, wakamleta fundi. Mweka hazina wao, binti wa kidato cha tatu mwenye sauti ndogo sana, alimkatalia kiranja mkuu fedha ya soda za fundi kwa sababu haikuwa kwenye muhtasari. Chenji ilirudi na risiti zimebanwa kwa pini. Nimekaa kwenye bodi za watu wazima ambako hayo hayatokei.

Huo mradi haukutoa picha nzuri. Makomeo hayapigiki picha. Rais wetu wa mwaka ule alilalamika kidogo, na nikamwelewa, kwa sababu naye anaulizwa na wilaya ya Rotary, ngazi iliyo juu ya klabu, amefanya nini. Basi mpe picha nyingine: siku ya kuwasimika viongozi, mahafali, chochote. Ila mradi wa watoto uache uwe wa watoto.

Ukimaliza shule, usijidanganye kwamba umemaliza vijana. Klabu zinapenda shule kwa sababu huko vijana wako wamekusanyika tayari, wana sare na wana mwalimu wa kuwanyamazisha. Wenzao waliomaliza kidato cha nne bila kuchaguliwa wako gereji, saluni, kwenye bodaboda, wengine kijiweni, na hao hawaji kwenye semina yako saa nne asubuhi siku ya kazi. Wafuate jioni au Jumapili mchana. Na usiende na mada ya "uongozi".

Wana mahitaji mawili ambayo klabu inaweza kuyagusa bila fedha nyingi. La kwanza ni cheti. Kijana aliyejifunza kuchomelea miaka sita chini ya fundi wake anajua kazi, lakini kampuni inataka karatasi. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa anachokijua, anajazwa mapengo, anapewa cheti. Vijana wengi hawajausikia. Kazi ya klabu hapo ni kuulizia ratiba na ada ya wakati huo kwenye chuo cha karibu, kuwaandaa, na pengine kuchangia sehemu ya ada. Sehemu, tafadhali, anayelipa hata kidogo hufika darasani.

La pili ni mkopo wa halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vya vijana vinakwamia kwenye makaratasi: katiba ya kikundi, usajili, akaunti ya benki, andiko la mradi lenye hesabu zinazoeleweka. Klabu yako imejaa wahasibu, mawakili na watu wa benki. Mhasibu akikaa na kikundi cha vijana sita jioni chache wakajua tofauti ya mauzo na faida, wanaondoka na kitu ambacho cherehani za kukabidhiwa mbele ya mgeni rasmi haziwapi. Mjulishe pia afisa maendeleo ya jamii wa kata tangu mwanzo, maana maombi yao yatapita mikononi mwake.

Na kwa kuwa nimetaja cherehani. Watu wanne waliokutana Chicago tarehe 23 Februari 1905 kuanzisha Rotary walikuwa Paul Harris, wakili, pamoja na muuza makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi wa nguo, Hiram Shorey. Fundi wa nguo alikuwa miongoni mwa wanachama wa kwanza kabisa, sawa na wakili. Kwetu leo fundi wa nguo huingia ukumbini kama mnufaika, anapiga makofi, anarudi Mbagala. Mwaka juzi, siku ya taaluma kwenye shule tunayoilea, nilimwalika fundi umeme wa mtaani kwetu akae pamoja na wasemaji wa benki. Maswali yote yalimwendea yeye: alianzaje, leseni anaipataje, siku mbaya anapata shilingi ngapi. Meneja wa benki aliulizwa swali moja, nalo lilikuwa kama anaweza kumkopesha fundi.

Rotaract, klabu za Rotary za vijana wa vyuoni na mtaani, nayo ina shida yake. Ilianza mwaka 1968 huko Charlotte, North Carolina, ikiwa ya vijana chini ya klabu ya wakubwa, na klabu nyingi bado zinaishi mwaka huo. Vijana wa chuo wanaitwa siku ya hafla kukaa meza ya usajili na kugawa maji. Wakati huo huo, tangu 2020 Rotaract ni uanachama kamili ndani ya Rotary International, ukomo wa juu wa umri umeondolewa, na tangu Julai 2022 wanalipa ada yao wenyewe, dola 5 kwa mwaka kwa klabu za vyuoni na dola 8 kwa za mtaani. Mtu anayelipa ada ana haki ya kuulizwa maoni. Wape nafasi ndani ya kamati yako, wenye kura, na mradi mmoja wauongoze wao huku ninyi mkichukua meza ya usajili. Tulifanya hivyo mwaka mmoja; wazee wetu wawili walichanganya orodha ya wageni vibaya sana, na hakuna aliyewakemea.

Utakutana na mtu atakayekuambia kimbilia ruzuku kubwa ya Rotary Foundation, mfuko wa hisani wa Rotary. Bajeti ya mradi wa aina hiyo inaanzia dola 30,000, inahitaji klabu mwenza wa nchi nyingine na tathmini ya mahitaji ya jamii iliyofanywa kweli. Ni fedha nzuri kwa klabu yenye uzoefu. Kwa kamati inayoanza, nashauri ruzuku ndogo ya wilaya au michango yenu wenyewe, maana mradi ukiwa mkubwa kuliko kamati, mwaka mzima unakwisha mkiandika ripoti na vijana hamuwaoni.

Ulinzi wa watoto hauna mjadala. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na hapo ndipo wana-Interact karibu wote walipo. Mwanachama asibaki peke yake na mwanafunzi, asimpe lifti peke yake, asimtumie ujumbe binafsi usiku "kumtia moyo". Safari iwe na ruhusa ya mzazi kwa maandishi na walezi wa jinsia zote mbili. Picha isiende mitandaoni na jina kamili na shule. Wanafunzi waijue namba 116, ya bure, ya kuripoti ukatili dhidi ya watoto, na waambiwe wazi kwamba inawahusu hata kama anayewasumbua amevaa beji yetu. Kuna mwanachama atakayekasirika ukiyasema haya mkutanoni. Yaseme hivyo hivyo, na jina lake ulikumbuke unapopanga wa kwenda shuleni.

Mwisho ni faili. Anza kulijaza Julai, usisubiri Juni. Liwe na barua ya halmashauri, majina na simu za walezi wote wawili, mihtasari, risiti, orodha ya viongozi pamoja na wasaidizi wao, na ratiba ya mitihani ya mwaka unaofuata. Na lile kundi la WhatsApp la kamati na walezi, weka ma-admin watatu. La klabu ya jirani lilibaki na admin mmoja aliyehamia Dodoma akabadilisha namba, na hadi leo walezi wanatumiwa salamu za Ijumaa tu.