Nimeambiwa nisipoanza uchungaji mwaka huu Mungu ataniadhibu kama Yona

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Niliokoka miezi kumi iliyopita. Sikuona nuru wala sikuanguka chini. Nilikuwa nikisoma Injili ya Yohana peke yangu usiku, nikafika sura ya 9, nikajikuta naamini. Tangu hapo nina hamu kubwa ya kuwahudumia watu. Mtumishi mmoja amenitolea unabii kwamba nimeitwa kuwa mchungaji, niache kazi na kufungua huduma kabla mwaka haujaisha. Anasema nikichelewa yatanipata ya Yona, na huenda yakampata hata mwanangu. Nilipotaja chuo cha Biblia akasema chuo kinazima Roho, na kwamba aliyeitwa na Mungu hathibitishwi na wanadamu. Mke wangu anasema tusubiri. Mtumishi huyo anasema mke wangu ndiye kizuizi. Ameniagiza pia nitoe sadaka ya kufungulia huduma. Silali, mwalimu. Nisaidie.

JIBU: Asifiwe sana, ndugu yangu. Swali lako limenikosesha usingizi mimi pia, na sababu yake nitakwambia. Miaka mingi iliyopita nilikuwa miongoni mwa wazee waliomwekea mikono kijana aliyekuwa hajatimiza mwaka katika wokovu. Alihubiri kutuzidi sisi sote. Hakumaliza miaka miwili. Leo haingii kanisa lolote, na ukimuuliza atakwambia Mungu alimdanganya. Mungu hakumdanganya. Tuliokosea ni sisi, maana Paulo alikwisha kumwandikia Timotheo waziwazi: msimamizi wa kanisa asiwe “mtu aliyeongoka karibuni, asije akajivuna akaanguka katika hukumu ya Ibilisi”. Neno la Kiyunani lililoko hapo ni la shambani, maana yake mche uliopandwa juzi. Mche hauchukiwi kwa kuwa mdogo. Unamwagiliwa maji, ila hakuna anayeutundikia mzigo.

Tuanze na Yona, kwa kuwa ndiye uliyetishiwa naye. Huyo mtumishi amelishika jina, kitabu hajakisoma. Neno la Bwana lilimjia Yona mwenyewe. Hakuletewa na mtu. Tena Yona alikuwa nabii tayari. 2 Wafalme 14:25 inamtaja. Hakukimbia kwa kutokuwa na hakika kama ameitwa. Alikimbia kwa sababu alijua vizuri sana, na hakutaka Ninawi isamehewe. Mwenyewe anakiri hivyo katika sura ya 4. Na je, alikufa? Samaki alimwokoa asizame. Akatapikwa nchi kavu, kisha neno likamjia “mara ya pili”. Kitabu kinachoonyesha jinsi Mungu anavyomvumilia mtumishi mkaidi kimegeuzwa rungu la kumtishia baba wa watu kwa kifo cha mtoto. Mtoto huyo hatajwi popote katika Yona. Ametoka kinywani mwa mtu, na ninakushauri umrudishie mwenye kinywa.

Kama ni kisa cha kuogopa, kipo, lakini kiko mahali pengine. Soma 1 Wafalme 13. Mtu wa Mungu kutoka Yuda alipewa agizo na Bwana: asile mkate, asinywe maji, asirudi kwa njia aliyoijia. Akaja nabii mzee akamwambia, “Mimi nami ni nabii kama wewe”, na kwamba malaika ameleta neno jingine. Biblia inaongeza maneno machache tu: lakini alimdanganya. Yule mtu akamfuata, akala. Alipoondoka, simba akamwua njiani. Aliyekufa katika habari hiyo ni yule aliyeliacha neno alilokwisha kupewa na Mungu, akashika unabii wa mtu mwingine. Nawe una neno ulilokwisha kupewa. Liko 1 Timotheo 3.

Sasa hilo la “hathibitishwi na wanadamu”. Wenye kulisema huegemea Wagalatia 1:16, Paulo anaposema hakufanya shauri na watu wenye mwili na damu. Lakini soma mbele kidogo. Paulo anaeleza Injili yake ilikotoka. Hazungumzii namna ya kufungua kanisa. Alikwenda Arabuni, akarudi Dameski, na baada ya miaka mitatu akapanda Yerusalemu kwa Kefa, ndiye Petro, akakaa naye siku kumi na tano. Alipofika, wanafunzi walimwogopa mpaka Barnaba akamchukua na kumdhamini. Kisha akapelekwa Tarso, akakaa huko miaka ambayo Luka hatuhesabii wala hatusimulii. Barnaba ndiye aliyekwenda kumtafuta. Wakafundisha pamoja Antiokia mwaka mzima, tena baadaye ndipo tunafika Matendo 13, Roho anaposema, “Nitengeeni Barnaba na Sauli kwa kazi ile niliyowaitia.” Maneno hayo waliambiwa wengine, si Sauli, ndiye Paulo, peke yake chumbani. Wakafunga, wakaomba, wakawawekea mikono. Mtu aliyemwona Kristo njiani alikubali kuwekewa mikono na ndugu ambao wengi wetu hatuwakumbuki hata majina. Sisi tuliooteshwa ndoto moja tunaona hilo ni dogo kwetu!

Utaniambia, mbona Ambrose, yule askofu wa kale wa Milano? Najua mfano huo hutolewa. Ni kweli, mwaka 374 watu wa Milano walimtaka Ambrose awe askofu wao akiwa hajabatizwa hata ubatizo wenyewe, na ndani ya siku chache akabatizwa na kuwekwa wakfu. Lakini hakujitangaza. Kanisa ndilo lililomkamata, naye alihangaika kuwakwepa. Baadaye aliandika mwenyewe kwamba ilimlazimu kuanza kufundisha kabla ya kujifunza, na hakulisema hilo kwa kujisifu. Augustino, aliyebatizwa na huyohuyo Ambrose mwaka 387, alipolazimishwa kuwa kasisi Hipo mwaka 391 alilia mbele ya watu, kisha akamwandikia askofu wake akiomba apewe muda wa kusoma Maandiko kwanza. Na Augustino alikuwa mwalimu wa ufasaha, mtu aliyeweza kusema chochote akasikilizwa. Aliomba muda.

Kwa hiyo “chuo kinazima Roho” sitalijibu kwa urefu. “Andiko huua”, ambalo wasemao hivyo hulitaja, katika 2 Wakorintho 3 ni habari ya torati iliyochorwa katika mawe, mstari wa 7 unasema hivyo, haihusu kusoma. Petro na Yohana walionekana kuwa watu wasio na elimu (Matendo 4:13), lakini mstari uleule unasema watu wakawatambua ya kwamba walikuwa pamoja na Yesu, na hakuna chuo nilichokiona chenye mwalimu kama huyo. Paulo naye, akiwa kifungoni anangoja kufa, aliagiza joho lake na vitabu. Kama vitabu vinazima Roho, mzee yule alitaka nini navyo?

Lakini, ndugu yangu, nisikuponye upande mmoja nikakujeruhi upande mwingine. Sijasema hukuitwa. Hamu uliyo nayo ni njema. Paulo anasema anayetaka kazi hiyo “atamani kazi njema”. Na usisikitike kwamba hukuona nuru. Katika Matendo 16 askari wa gereza aliamini baada ya tetemeko, na Lidia aliamini akiwa ameketi anasikiliza, Bwana akamfungua moyo. Sura ni moja, na wokovu ni mmoja. Wewe uliamini ukisoma habari za kipofu aliyesema, “Naamini, Bwana.” Ukimtazama, punde baada ya kuponywa alikuwa akiwajibu Mafarisayo bila woga. Kushuhudia hakungoji miaka. Kulichunga kundi ndiko kunakongoja.

Kuna mtu mmoja ningependa ukae naye wiki hii: yule aliyetokwa na pepo katika Marko 5. Alimsihi Yesu afuatane naye. Hakuna ombi la huduma lililo safi kuliko hilo, na Yesu hakumruhusu. Akamwambia aende nyumbani kwa watu wake, awahubiri mambo makuu Bwana aliyomtendea. Akaenda, na Dekapoli nzima ikasikia.

Nyumbani kwako ni nani? Ni mkeo. Mtu anayetaka kukufanya mchungaji kwa kukufundisha kwanza kumwona mkeo kizuizi amekiuka sharti lenyewe, kwa maana asiyejua kuisimamia nyumba yake “atalitunzaje Kanisa la Mungu?” Mwombe radhi kama ulimfokea. Ombeni pamoja. Mkeo anaweza kukosea, wake hukosea na waume hukosea, ila kusema “tusubiri” si dhambi.

Kazi yako usiiache. Paulo alishona hema akihubiri. Nenda kwa mchungaji wa kanisa unaloabudu, mweleze yote, hata unabii huo, kisha umwombe kazi ndogo: kutembelea wagonjwa, kufundisha watoto, kupanga viti. Uone kama hamu inabaki pale ambapo hakuna anayekuita mtumishi. Usipige kelele kuhusu wito. Waache wengine waanze kukuuliza. Wasipouliza baada ya miaka kadhaa, hilo nalo ni jibu, na hutakuwa umepungukiwa kitu mbele za Mungu. Chuo tutakizungumza wakati huo, ukiniandikia.

Na mtoto wako umwombee kwa amani, kama baba anavyomwombea mtoto, si kama mtu anayelipa deni.

Nusura nisahau ile sadaka ya kufungulia huduma. Usitoe. Simoni, yule mchawi wa Samaria katika Matendo 8, alipoleta fedha apate uwezo wa Roho, Petro alimwambia, “Fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe.” Hayo aliambiwa mtoaji, ambaye hata hakuwa ameombwa. Angeambiwa nini mwombaji?