Amplifaya Inayolipuka Ukigusa Tu Kinobu

Juzi msomaji mmoja wa Nzega kanitumia ujumbe: "Kaka, nimenunua amplifaya ya mtumba, ina nguvu balaa! Nagusa kinobu kidogo tu nyumba inatetema. Shida ni usiku, mtoto anaamka, mama watoto ananuna." Nilicheka peke yangu. Ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi, enzi zile nimepanga chumba Isevya, hapahapa Tabora.

Nyumba za kupanga mnazijua. Dari hakuna, ukipiga chafya jirani anakuombea afya. Amplifaya yangu ilikuwa ya Kijapani ya miaka ya 1980, chuma kitupu, na usiku nilichotaka ni kuwasikiliza bendi ya Tabora Jazz taratibu, gitaa la bezi likitembea chini kwa chini. Wapi! Kinobu ukikichukulia kama saa ya ukutani, mwanzo wake ni kwenye namba 7. Ukisogeza unywele mmoja, mtaa mzima unasikia. Ukirudisha, spika ya kulia inakata, ya kushoto inabaki inanong'ona peke yake. Mama mwenye nyumba akanigongea: "Baba, muziki wako mtamu, ila mwenzio naamka alfajiri."

Nikaipeleka kwa fundi mmoja, jina nalihifadhi. Akanicheka mbele za wateja. "Watu wanatafuta nguvu, wewe unakuja kuipunguza?" Akabadilisha volyumu, kile kifaa kinachozungushwa na kinobu, akachukua hela, na hali ikazidi kuwa mbaya. Nikafungua mfuniko mwenyewe. Ile ya zamani, aliyonirudishia kwenye kimfuko, imeandikwa A50K. Mpya imeandikwa B50K. Kwa volyumu nyingi zinazotoka Asia, A hupanda kwa kufuata sikio, polepole mwanzoni. B hupandisha umeme sawasawa, kwa hiyo sikioni karibu kila kitu kinaishia robo ya kwanza. Herufi moja! Hela hajarudisha mpaka leo, tukikutana sokoni ananisalimia "mtaalamu". Sawa. Mtaalamu nimekuwa.

Sasa wewe wa Nzega, hiyo unayoiita nguvu siyo nguvu. Amplifaya za zamani zilitengenezwa zipokee kaseti na redio, vitu vinavyotoa sehemu tu ya volti, na nyingi hufika kikomo kwa milivolti 150 hivi, yaani volti 0.15. CD ilipoingia sokoni mwaka 1982 ikaja na takriban volti 2, na deki za DVD zikafuata. Hiyo ni mara 13 ya kinachohitajika. Nyimbo zilizorekodiwa kwa sauti kubwa zinaimaliza amplifaya kabla kinobu hakijafika namba 12. Kinachofuata ni kukoroma, na kukoroma huko ndiko kunakounguza twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba. Halafu unamsikia mtu anajisifu barazani, "Sijafika hata nusu!" Nusu ya nini, ndugu yangu?

Na ile spika inayokata? Ndani ya volyumu mna njia mbili za kaboni, kushoto na kulia, na kule mwanzoni kabisa huwa hazilingani. Wewe unaishi hukohuko mwanzoni, lazima uteseke.

Dawa ni kupunguza sauti kabla haijaingia kwenye amplifaya. Ukicheza kwa simu, punguza kwenye simu. Deki isiyo na volyumu inataka resista mbili, vile vipande vidogo vya kuzuia umeme, kila upande: ya kilo-omu 10 unaipitisha kwenye waya wa kati wa sauti, halafu upande wa kuelekea amplifaya unaweka ya kilo-omu 3.3 kati ya waya huohuo na ule wa nje, wa gandi. Umeme wa sauti unashuka mpaka karibu robo. Mimi nilizichomelea kwenye kipande kifupi cha waya, nikafunga solotepu, na usiku uleule kinobu kikakaa namba 10, spika zote mbili zinaimba. Waya za spika usiziguse, hapo sipo mahali pa resista. Na kitufe cha "loudness" kizime kwanza, kinakuongezea bezi wakati unahangaika kupunguza.

Vijana tupunguze sifa za kelele. Jirani naye ana masikio, na wewe yako utayahitaji ukizeeka.

Ikiwa baada ya resista sauti bado inaruka juu ghafla, chomoa umeme, iache ikae kwanza maana kapasita hutunza chaji, ndipo ufungue usome herufi ya volyumu. Ukikuta B, dai A yenye njia mbili, na uione kwa macho yako kabla hujatoa hela.