London–New York: kwa nini kilomita kugawanya kwa spidi hakukupi muda wa safari

Mleta mada kauliza: London hadi New York ni kama kilomita 5,550, ndege inakwenda kilomita 900 kwa saa, hesabu inatoa saa 6 na dakika 10 hivi. Sasa mbona tiketi inaonyesha karibu saa 8 kwenda na saa 7 kurudi?

Mkuu, hesabu yako iko sawa, ila hizo 900 ni spidi ya ndege ndani ya hewa, na hewa yenyewe haijatulia. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na wakati wa baridi ndiyo unapamba moto. Mimi njia hii napita sana kikazi, na burudani yangu ni ile ramani kwenye skrini ya kiti. Kwenda New York utakuta namba inacheza kwenye 780 kwa saa. Kurudi, ndege ileile, unaona 1,050 na wenzako wote wamelala.

Piga hesabu kwa upepo wa kilomita 130 kwa saa: kwenda saa 7 na dakika 12, kurudi saa 5 na dakika 23. Ukijumlisha, safari nzima ni ndefu kuliko kusingekuwa na upepo kabisa, maana ule unaokupinga unakaa nao muda mrefu zaidi kuliko ule unaokusukuma. Februari 2020, wakati wa kimbunga Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56. Upepo tu huo.

Ndiyo maana njia za kuvuka bahari hupangwa upya kila siku na waongoza ndege wa Gander, Kanada, na wenzao wa Shanwick upande wa Uingereza. Wanaokwenda magharibi wanaukwepa mkondo, wanaorudi wanaupanda. Kwa hiyo zile kilomita 5,550, ambazo ni mstari mfupi kabisa juu ya mviringo wa dunia, mara nyingi hazifuatwi.

Halafu muda wa kwenye tiketi unaanza ndege inapoachia geti mpaka inapofika geti la pili. Kutambaa kuelekea njia ya kurukia kumo humo, na New York jioni foleni ni ndefu kwelikweli. Mashirika huongeza na dakika za akiba, ndiyo maana rubani anachelewa kuondoka na bado anatangaza mtafika kwa wakati. Wajanja hao.

La mwisho, usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika. Zote mbili huandikwa kwa saa za mji husika. Ukiondoka London saa 4 asubuhi, unafika New York saa 7 mchana, utadhani umeruka saa 3. Ongeza 5 za tofauti, upate 8. Kurudi unazitoa. Na kama unasafiri katikati ya Machi au mwisho wa Oktoba, angalia vizuri: Marekani na Uingereza husogeza saa zao mbele au nyuma kwa majira, ila si wiki ileile, kwa hiyo kuna siku ambazo tofauti inakuwa saa 4.