Wasomaji Wauliza: "Wanasema hajui anachotaka kuvaa"

*Habari zenu, wahariri. Mwanangu ana miaka 23 na ana ulemavu wa kujifunza. Anaishi hapa Leicester kwenye nyumba yenye wasaidizi. Alizaliwa mvulana, lakini tangu mwaka jana anataka magauni, rangi ya kucha, na aitwe Amina. Wasaidizi wanasema hajui analosema, anaiga televisheni. Nguo nilizomnunulia wamezifungia stoo. Mimi mwenyewe sijaelewa yote, ila naona anavyonyong'onyea. Nianzie wapi? – Mama, Leicester*

Mama, anzia kwenye hiyo stoo. Nguo ni mali ya Amina, na kumfungia mtu mzima nguo zake si jambo la msaidizi kujiamulia tu. Huko England, Sheria ya Uwezo wa Kiakili ya mwaka 2005 inamhesabu kila mwenye miaka 16 na zaidi kuwa anaweza kujiamulia. Anayesema "hawezi" ndiye anayepaswa kuonyesha hivyo, tena kwa uamuzi huo mmoja, si kwa maisha yote. Maswali ni manne: anaelewa maelezo yanayohusika? Anayashika kichwani muda wa kutosha kuamua? Anaweza kuyapima? Anaweza kutoa jibu kwa njia yoyote, hata kwa kunyoosha kidole? Na kwanza lazima asaidiwe kwa kila njia inayowezekana.

Gauni halihitaji kuelewa mengi: nitaonekanaje, watu wanaweza kusema nini, nikichoka nalo nalivua. Dawa za homoni ni uamuzi mwingine, wenye tathmini yake. Usikubali vichanganywe, maana mtu huishia kunyimwa hata rangi ya kucha kwa hofu ya dawa ambazo hajaziomba. Omba kwa maandishi nakala ya tathmini waliyofanya. Kama haipo, nguo zirudi chumbani kwake leo.

Sasa hilo la kuiga televisheni. Msibishane, muulizeni vizuri. Andaa picha nane hivi: gauni, suruali, hereni, ndevu, wigi, viatu, na kadhalika. Mezani weka alama tatu: napenda, sijui, sipendi. Mpe picha moja moja, useme tu "Hii je?", kisha unyamaze. Mpe nafasi, sekunde kumi za kimya si nyingi. Ukiuliza "Unataka gauni, sivyo?" umeharibu, kwa sababu watu wengi wenye ulemavu huu huitikia "ndiyo" ili kumridhisha anayeuliza. Ukimpa chaguo mbili, huenda akarudia lile la mwisho kusikika. Kwa hiyo rudieni siku nyingine, kwa mpangilio tofauti, na aulize mtu mwingine. Wewe, mama, kaa chumba cha pili: anausoma uso wako kuliko picha. Pigeni picha meza kila mara na kuandika tarehe. Majibu yakifanana mara tatu, una ushahidi mkononi.

Ushahidi huo uingie kwenye mpango wa huduma, kwa maneno yasiyo na mwanya. "Aheshimiwe jinsia yake" haimsaidii msaidizi wa zamu ya usiku. "Aitwe Amina. Asaidiwe kunyoa ndevu Jumanne na Ijumaa kabla ya chai. Achague nguo mwenyewe kati ya seti mbili" inamsaidia. (Kiswahili chetu kina "yeye" mmoja kwa wote, kwa Kiingereza iandikwe kabisa wamtaje kwa neno gani.) Magauni yawe ya kiuno cha lastiki, bila zipu ya mgongoni, ili ajivalishe. Kama lebo zinamsumbua ngozi, zikateni na mfue nguo kabla ya kuvaliwa mara ya kwanza. Viatu viwe bapa.

Wakigoma, lalamika kwa maandishi kwa wenye nyumba, kisha kwa halmashauri ikiwa ndiyo inayolipia. Usiporidhika, nenda kwa Ombudsman (msuluhishi huru wa malalamiko) wa serikali za mitaa na huduma za jamii. CQC, wakaguzi wa huduma za afya na matunzo, hupokea taarifa za nyumba mbaya, lakini haiamui shauri la mtu mmoja. Pia iombe halmashauri ipitie upya mpango wake chini ya Care Act (sheria ya matunzo) ya 2014. Kama Amina anapata shida kubwa kushiriki na hakuna mtu wa karibu anayefaa kumsemea, halmashauri lazima impatie mtetezi wa kujitegemea.

Na habari zake ni zake. Shangazi na majirani wasizisikie kwako kabla hajasema yuko tayari.

*Nina miaka 19. Nasoma polepole. Nataka jina jipya. Fomu za daktari ni ngumu. – Msomaji, London*

Asante kwa kuandika. Tunakujibu kwa sentensi fupi.

Jina: unaweza kulibadilisha mwenyewe. Karatasi yake inaitwa deed poll. Ile ya kawaida haina ada ya serikali. Unaandika jina la zamani na jipya. Unasaini mbele ya mashahidi wawili. Wawe na miaka 18 au zaidi. Ni bora wasiwe ndugu zako. Kama pasi yako ni ya nchi nyingine, ongea kwanza na mshauri wa uhamiaji. Majina yasiyolingana huleta shida safarini.

Daktari: mwambie GP (daktari wako wa kawaida) akuweke kwenye orodha ya wenye ulemavu wa kujifunza. Ukiwa kwenye orodha, unapimwa afya kila mwaka, bure. Omba miadi mirefu. Omba barua za maneno mepesi na picha. Hiyo ni haki yako. Nenda na mtu unayemwamini. Foleni ya kliniki za jinsia ni ya miaka. Kusubiri hakukuzuii kuvaa unavyotaka leo.

Usalama: rafiki mpya akikuomba pesa, au akisema "nitamwambia mama yako", huyo si rafiki. Mwambie mtu unayemwamini. Polisi ni 101. Kama kuna hatari sasa hivi, piga 999.